Chumvi ya Chini ya Beseni

Watu huniambia hasira hasara. Najua. Lakini nikimwona mtu mzima anamrushia mbwa krispi huku anacheka, damu inanichemka, na sioni haya kusema.

Hapa Lanet mimi hukaanga krispi za kuuza. Viazi vinatoka Dundori. Navikata vyembamba, navikaanga, kisha navimwaga kwenye beseni kubwa na kuvirusharusha na chumvi mpaka ishike. Aliyewahi kufanya kazi hii anajua kinachobaki chini: vipande vilivyovunjika, vimezama kwenye chumvi mpaka vinauma ulimi. Hivyo hata kuku siwapi.

Mama alihamia kwangu kutoka Elburgon baada ya baba kufariki. Alikuja na sanduku la nguo na mbwa wa baba, mbwa mzee aliyeota mvi mdomoni, anayelala mlangoni kwa mama kama alivyolala mlangoni kwa baba. Mama humsalimia asubuhi kabla ya kunisalimia mimi. Asipomsikia akijikuna huko nje, hapati usingizi.

Sasa kuna kaka yangu. Ni kifungua mimba wa mama, na kwetu kifungua mimba hakosolewi. Huja Jumapili akitoka kanisani, hukaa kwenye veranda, hula. Ana elimu yake ya mbwa, ambayo nusu ya mtaa wanayo pia: ati mbwa wa boma hapewi maji mchana, akishiba maji atalala, kiu ndiyo inamfanya mkali. Kwa hivyo kila akifika humwaga maji ya mbwa na kuifunika sufuria yake mdomo chini. Mimi naijaza, yeye anaimwaga. Tumegombana mpaka jirani akatoka kutazama.

Jumapili moja nilirudi kutoka kupeleka mzigo dukani, nikakuta beseni langu limekung'utwa safi. Kaka alikuwa amempa mbwa vile vya chini vyote. Sufuria ya maji ilikuwa imefunikwa palepale.

"Amevipenda sana," akaniambia.

Mbwa alikuwa anatapika kando ya ua. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa, akaanguka na kuanza kutetemeka mwili mzima. Mama alipiga magoti akamshika kichwa. "Na wewe usiniache," alikuwa anamwambia. "Tafadhali, na wewe usiniache."

Kaka akasema, "Si ni mbwa tu, mama."

Nilimpa kaka vidonge vyake. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wazima, na siyajutii.

Daktari wa mifugo alifika akiwa na hasira kama zangu, nikampenda papo hapo. Alisema krispi moja haiui mbwa, ingawa haina faida yoyote kwake, na ikiwa na kitunguu hata hiyo moja asipewe. Lakini chumvi nyingi hivi, kisha unamnyima maji, hiyo ni sumu. Alimtundikia dripu na kutuonya tusimwache anywe kwa pupa. Mama ndiye aliyekesha naye, akimpa maji kidogo kidogo, mpaka akasimama tena.

Kaka hakuambiwa na mama neno hata moja. Hilo liliniuma kuliko yote. Nilijiambia, haya basi, mtoto wa kiume amesamehewa kabla hajaomba msamaha.

Jumapili iliyofuata alirudi, mkavu wa macho, akaifunika sufuria ya mbwa, akakaa. Mama alikwenda mwenyewe jikoni akamletea sahani ya krispi. Niliitambua: alikuwa amechota vya chini ya beseni. Chakula cha mama hakikataliwi, kwa hivyo kaka alikula. Alikunja uso, akakohoa, akanyoosha mkono achukue kikombe chake cha maji.

Mama alikiwahi. Akayamwaga maji kwenye nyasi, akakifunika kikombe juu ya meza.

"Ukishiba maji utalala, mwanangu," alisema taratibu. "Na boma nani atalilinda?"

Nilitaka kucheka, lakini mama hakuwa anatania: aliubana mkono juu ya kikombe. Hakuuondoa mpaka kaka alipoinuka, akaiokota sufuria ya mbwa, akaenda nayo kwenye bomba.