Mwalimu Dima na Swali la Heliamu

Matokeo yalipobandikwa ukutani mwaka wa sabini na nne, jina la Dima Jirma lilikuwa juu kabisa na la Ephantus Macharia chini yake. Walikuwa wameishi chumba kimoja miaka mitatu pale chuo kikuu Nairobi, Mborana wa Garbatulla na Mkikuyu wa Othaya, na mpangilio huo walikuwa wameuzoea. Macharia alimpiga mwenzake mgongoni akasema, "Wewe tangulia. Mimi nitakufuata."

Kutangulia kulimaanisha Uingereza. Chuo kimoja cha huko kilikuwa kimetoa nafasi moja kwa Mkenya wa kusomea nadharia ya vimiminiko visivyo na msuguano. Aliyewatia ugonjwa wa nadharia hiyo ni mhadhiri mmoja mgeni aliyewafundisha mwaka wa mwisho. Aliwaambia kwamba gesi ya heliamu ikipoozwa hadi digrii mia mbili sabini na moja chini ya sifuri, hugeuka kimiminiko ambacho hakijui kukwama. Hupenya tundu ambalo maji hayapenyi. Hupanda ukuta wa kikombe na kujimwaga nje bila mtu kukigusa. Wengine waliandika hayo, wakafaulu mtihani, wakasahau. Dima alimfuata mhadhiri hadi ofisini kwake, akatoka na kitabu kikuukuu kilichochapwa mwaka wa hamsini na mbili. Mhadhiri alimwambia akae nacho tu.

Kilichobaki ni pasipoti. Afisa aliyemhoji alikuwa na faili jembamba mbele yake na haraka nyingi.

"Baba yako alikuwa wapi mwaka wa sitini na sita?"

"Kambini, Garbatulla."

"Kambi ya nani?"

"Ya serikali, afande, wakati wa vita vya Shifta. Nyinyi ndio mlimweka. Ngamia wake mliwapiga risasi nje ya waya wa kambi, na yeye akiona."

Afisa alifunga faili. Kuanzia siku hiyo Dima aliwekewa kila aina ya sharti. Barua ya chifu. Barua ya D.O., mkuu wa tarafa. Wazee wawili wa kuapa kwamba yeye si Msomali, kisha wazee wengine wa kuapa kwamba wale wa kwanza walikuwa Wakenya. Pasipoti ilitoka Februari ya sabini na sita. Kufikia hapo Macharia alikuwa Uingereza mwaka wa pili, kwa sababu chuo kilishindwa kungoja kikamchukua aliyefuata kwenye orodha. Yeye pasipoti yake ilichukua siku tisa.

Kabla ya kuondoka Macharia alikuwa amekuja kumuuliza, kichwa chini, "Unataka nikatae?"

"Nenda," Dima alimjibu. "Angalau mmoja wetu aone."

Alilisema kwa moyo safi. Ni baadaye, akiwa amekalia kiti cha mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mjini Isiolo, ndipo neno hilo lilipoanza kumchachia kama maziwa ya juzi.

Alikuwa mwalimu mzuri, mkali kidogo. Wanafunzi walimwita Mwalimu Sifuri kwa vile hakuweza kumaliza kipindi bila kutaja sifuri ile ya mwisho, ambapo baridi yote inakomea, huku bati la darasa likipasuka kwa joto juu ya vichwa vyao. Alimwoa Mumina, aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni, wakapata binti, Falis. Alfajiri baada ya sala, na alasiri baada ya shule, alikaa na kile kitabu kikuukuu.

Kilimkamata kwenye ukurasa wa mia na kumi na nane. Nadharia ilisema hivi: ukikizungusha kikombe chenye heliamu ile, heliamu yenyewe haitazunguka, kwa sababu hakuna msuguano wa kuivuta. Itakaa tuli, kikombe kikizunguka peke yake. Lakini watu walikuwa wamejaribu, na uso wa heliamu ukabonyea katikati sawasawa na wa maji ya kawaida yanayozungushwa. Nadharia ilisema hapana, kikombe kikasema ndiyo. Kitabu kilimaliza sura kwa sentensi moja: jambo hili bado halijaelezwa.

Macharia aliporudi mwaka wa themanini, daktari wa fizikia mwenye ofisi yake chuoni, Dima alimwandikia. Baada ya salamu na pongezi alieleza lile swali, kisha akaandika: "Kitabu changu ni cha zamani na huku hakuna maktaba. Niambie ukweli kabla sijaanza. Hili limeshajibiwa?"

Jibu lilifika baada ya wiki tatu. "Ni swali zuri sana, ndugu yangu. Endelea nalo. Kila utakachopata nitumie."

Dima aliendelea. Miaka minne aliendelea. Alijaza madaftari ya shule, akawa akifuta ubao wa darasa shingo upande maana hesabu zake zilikuwa zimeanza kuchanganyika na za wanafunzi. Afisa wa elimu alitaka kumfanya mkuu wa shule upande wa Kinna. Akakataa, akasema hana nafasi. Mumina alimuuliza siku moja, akimwaga maziwa kutoka kwa kibuyu, "Baba Falis, hicho kitu unachotafuta, ukikipata kitafanya nini?"

"Hakitafanya kitu, Mama Falis. Kitajulikana."

"Kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Nami nikiwa wa kwanza."

Mumina aliendelea kumwaga maziwa. Mwanamke aliyewahi kufunga mtungi mgongoni mwa ngamia anajua wakati wa kuvuta kamba na wakati wa kuilegeza.

Ukaja mwaka wa themanini na nne, mvua ikakataa kabisa. Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, kaka yake Denge alifika kwa miguu kutoka Garbatulla, midomo imepasuka.

"Ng'ombe wa mama wamebaki arobaini na mbili," Denge alisema kabla hata ya kunywa chai. "Nataka kuwapandisha kuelekea milima ya Nyambene, kuna majani kidogo. Peke yangu siwezi. Wadhaifu wanaanguka nyuma, wenye nguvu wanakimbia mbele. Nataka mtu wa pili."

Dima alikuwa na madaftari manne wazi mezani. Wiki hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameona njia. Heliamu haizunguki nzima nzima. Inajipasua ndani kuwa mizunguko midogo midogo, kama vumbi la kiangazi linavyojisokota uwanjani, na kila mzunguko una kipimo kilekile kimoja, hakuna nusu yake wala robo. Kikombe kikizunguka polepole, mizunguko ni michache. Kikienda mbio, ni mingi. Yote pamoja, mtu akiangalia kutoka juu, inaonekana kama maji ya kawaida. Alikuwa ameliona hilo, lakini hakuwa amelithibitisha.

"Nipe wiki mbili," alisema.

"Ng'ombe hawana wiki mbili."

"Denge, nakuomba. Wiki mbili tu, nitakukuta njiani."

Denge aliyatazama madaftari, akamtazama kaka yake. Aliinuka na kikombe cha chai kikiwa bado kimejaa. "Salaam aleikum," alisema mlangoni, kama anavyoagwa mtu asiye jamaa.

Siku ya kumi na moja Dima alipata uthibitisho wake. Alikaa akiutazama na machozi yakamtoka, kwa furaha, hilo hawezi kulikana. Denge alirudi peke yake mwezi wa kumi, na ng'ombe watatu. Mama yao, aliyekuwa akiishi kwa maziwa ya kundi lile, ilibidi ahamie mjini kwa Dima, akawa anakaa kando ya ukuta siku nzima akiangalia barabara. Alikufa mwaka uliofuata. Hakumlaumu mwanawe hata kwa neno moja, na Dima angelipenda sana amlaumu.

Teresia, karani wa shule, alimpigia chapa kurasa kumi na saba. Alama za hesabu Dima alizijaza mwenyewe kwa kalamu, kisha akalituma andiko kwa jarida moja la Ulaya. Jibu lilikuja Machi ya themanini na sita. Lilikuwa na mistari mitatu: wanashukuru kwa andiko, hesabu ni sahihi, matokeo haya yalidokezwa mwaka wa arobaini na tisa, na yalielezwa kikamilifu mwaka wa hamsini na tano. Chini waliandika majina ya machapisho, na kurasa zake.

Dima alikuwa na miaka mitano mwaka huo wa hamsini na tano.

Hakumwambia mtu. Alichukua basi la asubuhi hadi Nairobi, akaingia ofisi ya Macharia bila kupiga hodi.

"Dima! Mbona hukuniarifu? Kaa, kaa. Mama Falis hajambo?"

Dima hakukaa. Alikuwa akisoma migongo ya vitabu kabatini, kidole kikipita kimoja hadi kingine. Alikikuta alichokitafuta kwenye rafu ya tatu. Akafungua ukurasa ule alioandikiwa na wenye jarida. Michoro yake mwenyewe ilikuwepo pale: kikombe, mizunguko midogo, kipimo kimoja. Na pembeni kulikuwa na maandishi ya penseli, zile herufi ndogo zilizolala alizozifahamu tangu chumba cha chuoni, na tarehe: Januari 1976.

"Ulijua," alisema.

Macharia alivua miwani.

"Nilikuuliza kwa barua, Ephantus. Nilikuuliza hivi hivi: limeshajibiwa? Ulikuwa na kitabu hiki hapa nyuma ya kichwa chako."

"Niliandika barua mbili," Macharia alisema. "Ya kwanza ilikuwa na ukweli wote. Nikaichana. Dima, barua yako ile… tangu mambo ya pasipoti sikuwa nimekusikia na furaha. Nami nimekalia kiti chako. Nilikuwa niseme nini? Kwamba hata hilo limeshachukuliwa?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo."

"Nilidhani utachoka baada ya miezi michache. Halafu ukaanza kunitumia kurasa, na zilikuwa sawa! Kila ukurasa. Ulifika peke yako mahali ambapo watu wakubwa walifika. Hujui hiyo ni nini?"

"Najua ni nini," Dima alisema. "Ni ng'ombe thelathini na tisa na mama yangu. Ulinihurumia, Ephantus. Afisa wa pasipoti alininyima mlango, lakini hakunihurumia. Kwake nilijua nimesimama nje."

Alirudisha kitabu mahali pake, akakisukuma kikae sawa na vingine, akatoka.

Kwa Denge alikwenda mwezi huohuo. Alimkuta katika kijiji cha Rapsu, akichimba mfereji wa shamba la mahindi, kwa kuwa mifugo ilikuwa imekwisha na mtu lazima ale. Alimweleza yote, hakuficha hata ile furaha ya siku ya kumi na moja. Denge alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Kwa hiyo walijua kabla," alisema mwishowe.

"Walijua."

"Na wewe hukujua."

"Sikujua."

"Sasa ukinieleza hivi unataka nikufanyie nini?" Hakuwa na hasira. Denge alirudi kwenye mfereji. Tangu hapo husalimiana kwenye harusi na matanga.

Mwaka wa themanini na saba magazeti yalijaa habari za vitu vipya vya kauri vinavyopitisha umeme bila kuupoteza, kwenye baridi ambayo si kali kama ile ya zamani, na wataalamu wakakiri kwamba hakuna anayejua kwa nini. Macharia alituma boksi zima la majarida. Ndani aliweka karatasi: "Safari hii naapa hakuna mwenye jibu."

Falis alimkuta baba yake amepiga magoti sakafuni, boksi limefunguliwa, jarida la kwanza mikononi. Dima alisoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili, na midomo yake ikaanza kutembea kama zamani. Alikuwa anaelewa. Kichwa kilikuwa bado kinafanya kazi. Halafu midomo ikasimama. Huenda Macharia alisema kweli. Lakini kila mstari aliousoma, Dima alijikuta akiuliza ni nani mahali fulani aliyekwisha kuujua mwisho wake na kumwonea huruma.

Alifunga boksi kwa kamba ya katani, akalisukuma chini ya kitanda, akamwambia Falis alete madaftari ya kidato cha pili yanayongoja kusahihishwa.