Linah Chepkosgei na nyasi zilizodhaniwa zimekufa

Ni saa moja na nusu asubuhi. Linah Chepkosgei amepiga magoti kwenye uwanda mkavu ulio juu ya mji wa Gilgil. Mbele yake ameweka fremu ya mbao, mita moja kila upande, naye anahesabu mashina ya nyasi yaliyomo ndani. Maswali ya mwandishi yakimpotezea hesabu, anaanza upya, wala haoni haya kumlaumu mwandishi.

Nyasi zenyewe ni nyeupe kama mvi. Mgeni angeapa kwamba zimekufa. Linah anang'oa shina moja kwa kisu, analimenya maganda makavu hadi kwenye kitako, kisha anaonyesha sehemu ndogo laini ambayo bado ina ukijani.

"Hii imelala tu," anasema. "Ikipata mvua mbili za maana, utaona."

Mama huyu wa watoto wanne, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ni msaidizi wa watafiti wa malisho. Hulipwa shilingi 1,200 kwa siku, na kazi haipatikani kila wiki. Aliacha shule darasa la saba, lakini nyasi ya hapa ikiwatatiza watafiti, yeye ndiye huulizwa ni nyasi gani.

Kazi anayoipenda kuliko zote ni kuchimba matope ya kinamasi. Hushindilia bomba la chuma ardhini, kisha hulivuta likiwa limejaa udongo wa zama za kale. Nyakio, mtafiti anayemwajiri, alimweleza kwamba ndani yake mna chavua, ule unga wa maua, ya mimea iliyoota hapa maelfu ya miaka iliyopita. Katika tabaka za enzi za ukame mkali, chavua ya miti ilikuwa imepungua sana. Ya nyasi ilibaki.

Habari hiyo ilimfurahisha, kisha ikamchoma moyo. Miaka mitatu iliyopita, ukame ulimmalizia ng'ombe tisa kati ya kumi na mmoja. Alipoona shamba lake la ekari tatu limekuwa jeupe, alikodi trekta akalilima lote, akapanda mbegu za nyasi za dukani. Zilichipua, zikanyauka, na upepo ukabeba udongo. Hadi leo pale ni vumbi tupu. Majuto ni mjukuu, na wake alikuja upesi. Majirani walipouliza, aliwaambia aliuziwa mbegu mbovu.

Uongo huo ulikaa vizuri hadi mwezi uliopita, kikundi cha malisho ya pamoja kilipopanga kulima ekari sitini za uwanda huu. Familia ishirini na mbili zinautegemea. Trekta ilikuwa imeshaitishwa.

Linah aliwasihi wangoje masika, akawaeleza habari ya matope. Mwenyekiti wao, mzee Mwaura, alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema ng'ombe hawali hadithi za kinamasi. Wao wangenunua mbegu nzuri, si kama zake.

Anakiri kwamba nusura anyamaze kwa aibu. Badala yake aliwaomba wote wamfuate hadi shambani kwake, mwendo wa dakika kumi, akasimama katikati ya vumbi.

"Niliwadanganya," akawaambia. "Mbegu ilikuwa mzuri tu. Makosa ni yangu. Nyasi ilikuwa imelala, mimi nikailima nikidhani imekufa."

Hakuna aliyecheka. Mwaura alichokora udongo kwa fimbo akitafuta mzizi, asiupate. Waliporudi uwandani kila mtu aling'oa shina lake akalimenya. Mwaura alimenya matano, kwa kuwa si mtu wa kuamini upesi.

"Mama Jerop, ungesema hii maneno mapema," alimwambia Linah, akimwita kwa jina la binti yake. "Lakini afadhali umesema."

Trekta ikaahirishwa. Kikundi kilikubali kungoja, kwa sharti moja: masika yakipita bila nyasi kuota, watalima.

Linah hana wasiwasi. Mvua ikinyesha, atahamisha mashina machache kutoka uwandani hadi shambani kwake, kwa ruhusa ya kikundi, akiyapanda kwa mkono. Anakadiria itamchukua miaka tisa.

Na masika yakikosa kuja?

"Nyasi itangoja, imezoea," anasema. "Ni watu hawawezi kungoja. Nitawarudisha tena kwa shamba langu, wasimame kwa hiyo vumbi, niwaambie tena ni mimi nililima. Hata kila mwaka, ikibidi."