Masikio ya Mzee Wangwe

Wakuu, mimi nimewahi kumpa mjane mume mwingine kwa makosa. Tena ndani ya fremu ya kioo, saizi A3.

Naitwa Konstantino. Nilitoka Kagera kuja Tarime kufuata dhahabu, dhahabu ikanikataa, nikafungua studio ya kusafisha picha pale Nkende. Printa moja, kompyuta moja, mdomo mwingi.

Siku moja akaingia Bibi Rhobi, miaka themanini na ushee, fimbo mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mura, kijana wangu, mume wangu amekufa mwaka wa tatu huu. Nimeanza kusahau sura yake. Nitengenezee picha kubwa, niwe namwona nikiamka."

Aisee, nikakubali palepale.

Marehemu Mzee Wangwe alikuwa na picha moja tu duniani, na ilikuwa kwenye simu ya mjukuu wao Joel, mpishi wa kambi ya watalii huko Natta. Joel akanitumia kwa wasapu.

Nikaifungua. Kichwa peke yake, tena chenye ukungu. Nilipoikuza kufika A3, mzee akawa viboksi viboksi.

Fundi mwenye akili angemwambia Joel atume ile halisi. Mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikamtia mzee kwenye programu ya simu inayong'arisha sura.

Mamaa! Mzee akatoka anametameta. Ngozi laini, meno yote thelathini na mawili. Masikio yalikuwa yananing'inia na tobo kubwa katikati, programu ikayaziba safi kabisa. Nikasema teknolojia ndiyo hii sasa.

Wenyeji mnaosoma mmeshaanza kunicheka, najua.

Bibi alikuja na mama mmoja wa kanisani kwao, anaitwa Mama Getruda. Nikafunua kitambaa kwa mbwembwe zote.

Bibi akainama kuitazama kwa karibu.

"Huyu nani?" bibi akauliza.

"Si ndiye Mzee Wangwe, bibi?"

"Wangwe gani? Masikio yako wapi? Mume wangu alitobolewa masikio akiwa kijana, unapitisha vidole viwili! Mimi nilimpendea hayo!"

Mama Getruda akachungulia. "Lakini ni mzuri."

"Basi mchukue wewe. Mimi ni mke wa mtu, silali chumba kimoja na mwanaume nisiyemjua."

Tukaangua kicheko, mimi na Mama Getruda. Bibi hakucheka.

"Jana nilifumba macho nikamtafuta, sikumwona," akasema taratibu. "Nikasema sawa tu, kesho nitamwona kwa Konstantino."

Nilitamani sakafu inimeze.

Kesho yake nikampigia Joel aniletee picha halisi, nikafunga studio, nikapanda basi hadi Mugumu kukutana naye. Joel akashuka kutoka Natta, memori kadi kaifunga kwenye nailoni na kuificha ndani ya soksi.

"Kaka, ile niliyokutumia niliikata," akasema. "Tuliipigia nyumbani kwa Mzee Heche, rafiki yake babu. Zizi lilikuwa linaharibu picha."

Picha halisi ilikuwa nzito, megabaiti saba. Nikaisafisha nzima nzima bila kumgusa mzee hata unywele. Karatasi nzuri, wino mpya. Kila kunyanzi mahali pake, masikio yananing'inia kwa raha zake.

Bibi alipoiona alisogea hadi kwenye kioo. Alipitisha kidole kwenye yale masikio, machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka, sioni aibu kusema.

Halafu kidole kikaanza kutembea. Kikapita bega la mzee, kikaingia zizini kwa Heche, kikasimama.

"Mura. Huyu ng'ombe mwenye baka jeupe usoni, pembe imevunjika. Huyu ni wangu!"

"Una hakika, bibi?"

"Nilikuwa namkamua mwenyewe! Wangwe aliniambia wezi wamemvusha Kenya. Alilia mbele yangu! Nikamwonea huruma, nikamchinjia jogoo! Kumbe amemficha kwa rafiki yake!"

Akapiga fimbo sakafuni. Akamsema marehemu kwa Kikurya dakika tano nzima, uso kwa uso na fremu. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya printa.

Ghafla akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikamletea kiti.

"Ndiye," akasema, akijifuta machozi. "Sasa huyu ndiye. Mwongo wangu huyu."

Wiki iliyofuata alikwenda kwa Mzee Heche, fremu kwapani. Heche alipoiona alikwenda moja kwa moja kufungua zizi. Bibi alirudi na ng'ombe wake na ndama wawili juu.

Kwa hiyo wakuu, ukitaka picha isafishwe vizuri, itafute kwenye simu iliyoipiga, itumwe kama dokumenti au uilete na kadi yake. Na wewe fundi mwenzangu, usimrekebishe mtu. Anayemkumbuka anamtaka vilevile alivyokuwa.

Na nyie wazee mnaoficha ng'ombe kwa marafiki, mkiona simu inapiga picha, sogeeni mbali na zizi.