Maneno ya Baba Kwenye Simu

Tangu kiharusi kimwangushe, mzee fundi viatu alibakiwa na lugha ya utotoni mwake tu, ile ambayo hakuwahi kumfundisha bintiye mshonaji. Siku ya nne alikuwa akirudia maneno yaleyale huku machozi yakimtoka. Binti aliyarekodi kwenye simu, akatoka mbio.

Mtaa wao ulikuwa na watu wa kila pembe ya dunia. Alianzia kwa kinyozi, akaingia buchani, akavuka hadi kwa mama muuza vitambaa. Kila mmoja alitega sikio, kisha akatikisa kichwa.

"Mimi nina lugha tano, dada," kinyozi alisema, "na leo zote zimenitupa mkono."

Akaishia kwenye bustani ya mtaa, roho mkononi. Aliwasikilizisha wote waliokaa kwenye mabenchi. Wengine walidhani anaomba pesa. Hatimaye mkata nyasi alizima mashine yake, akasogea.

"Rudia hapo, mwanangu." Akasikiliza, akavua kofia. "Huyu ni baba yako?"

"Ndiye. Anataka nini? Niambie, nakuomba!"

"Anasema mmemlaza ubavu unaouma. Anawaomba mumgeuze."

Ni mshonaji mwenyewe aliyemlaza ubavu ule asubuhi na jioni, akamwegemezea mito ili asigeuke. Alimshika mkata nyasi mkono, wakakimbia pamoja. Njiani alimuuliza jambo moja tu: kwa lugha ile, mtu anaulizaje panapouma?