Mikono ya Kogo Chemutai

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, tukiishi kwenye shamba la mzungu mahali paitwapo Kwanza, mama alishika mimba na nyumba nzima ikashikwa na hofu. Mara ya mwisho, alipomzaa ndugu yangu, alichanika vibaya, akapata homa, na kwa wiki nyingi hakuweza kuketi. Watu walikuwa wameanza kunong'ona habari za kaburi. Safari hii aliapa hatachanika tena, akamwita Kogo Chemutai (kogo ni bibi kwa lugha ya kwao), mkunga wa kabila jingine kutoka Kapsokwony aliyekuwa akiishi kambi ya wafanyakazi wa shamba jirani.

Ndipo bibi yangu mzaa baba, ambaye tulimwita Kukhu, akafunga safari kutoka Misikhu. Hakuja kusaidia, alikuja kulinda. Kogo Chemutai alikuwa amezika watoto wake wote, na kwetu ilisemwa kwamba mkono uliozika hivyo una njaa: ukimgusa mja mzito, unaonja kilichomo.

"Hiyo mkono haiwezi gusa wewe, Mama Nekesa," Kukhu alimwambia mama, akimwita kwa jina langu. "Ati watoto wote wakufe tu hivyo hivyo? Si ni yeye alikula?"

"Lakini mama, si mnasema mchawi mpe mtoto akulelee?"

Lilikuwa jibu la ujeuri, na sijui mama alilitoa wapi, maana mbele ya Kukhu alizoea kuinamisha kichwa.

Mwezi ule wa mwisho Kogo alikuja kila mchana, kucha amezikata hadi karibu na nyama, na kibuyu kidogo cha samli mkononi. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza ili mgeni ajue haina sumu. Kukhu akaihamishia desturi hiyo kwenye samli. "Ramba," alimwambia. Kogo alichovya kidole, akaramba bila kinyongo, kisha akanawa mikono kwa maji ya moto. Hapo mimi nilifukuzwa nje.

Yaliyofanyika ndani mama alinieleza mwenyewe nilipobeba mimba yangu ya kwanza. Kogo alipaka samli kwenye njia ya mtoto, akaingiza vidole gumba kidogo tu, akavuta taratibu kwenda chini na pembeni mpaka mama akahisi panawaka, akatulia hapo, kisha akaanza tena. Alisema ngozi kavu hupasuka, iliyolainishwa hunyooka. Wafugaji wa kwao walijua hilo kutokana na kamba za ngozi. Muda wote huo Kukhu alikuwa ameketi pale pale, hamwondolei macho.

Uchungu ulimshika mama asubuhi, na jua likiwa utosini mtoto alikuwa njiani. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, nasikia kila neno.

"Usisukume sasa," Kogo alisema. "Pumua tu. Pole pole."

"Unasikia? Anafunga mtoto asitoke!" Kukhu akapaza sauti. "Sukuma, Mama Nekesa! Huyu anataka kukuua!"

"Pumua, mwanangu. Kichwa iko hapa. Wacha ikuje yenyewe."

Sauti mbili, na mama katikati. Nilimwamini Kukhu, kwa sababu Kukhu alikuwa wetu. Mama alipumua. Nilisikia pumzi zake, fupi fupi, halafu kilio cha mtoto. Baadaye mama alinisimulia kwamba Kukhu aliinama kumkagua. Hakuwa amechanika hata kidogo. Kesho yake mama aliketi akinyonyesha.

Unadhani shuku ziliisha? Wapi! Kukhu alichemsha chai ya maziwa, akawagawia wanawake wote vikombe vya bati. Kogo alipewa yake kwenye kopo kuukuu, akaelekezwa kunywea nje. Alipoondoka, kopo lilitupwa shimoni. Mimba mbili zilizofuata, Kukhu mwenyewe ndiye aliyesema Kogo aitwe, na kila mara lilitafutwa kopo jingine.

Mimi ni mtu wa kushuku mpaka leo. Nimelelewa hivyo, na siwezi kusema shuku hazijawahi kunifaa. Lakini jambo hili linanichoma. Mikono ile tuliiruhusu iguse mwili wa mama, pale ulipokuwa uhai wake na wa ndugu zangu. Kikombe chetu hatukuiruhusu ikishike.