Siku Dada Alipokataa Kutupa Karata

Dada yangu mkubwa ni fundi wa makochi, na kwa miaka mingi nimeamini kwamba hakuna mtu anayetishika kwa urahisi kama yeye. Mteja akisema tu kwamba karakana ya mtaa wa pili ingemfanyia kazi hiyo kwa nusu ya bei, Dada hupunguza kabla huyo hajamaliza kusema. Muuza sponji akitangaza kwamba mzigo uliobaki ni huo huo, Dada hununua. Nimemweleza mara nyingi, nikipitapita kati ya viti vilivyovuliwa vitambaa na kukanyaga pini zake, kwamba mkwara una kanuni zake. Mtu akikutisha, jiulize kama anayoyasema sasa yanaafikiana na aliyoyatenda mwanzo. Jiulize amewahi kutisha hivyo mara ngapi. Jiulize utapoteza nini ukimkabili na kumbe alikuwa mkweli. Dada hunisikiliza kwa heshima zote, misumari midogo ikiwa midomoni, huitikia kwa kichwa, kisha hufanya vilevile.

Mwaka huu jambo hilo lilivuka mipaka ya makochi. Baba yetu, ambaye daktari wa macho alikwisha kumkataza kuendesha, alirudisha gari nyuma akagonga ukuta wa jirani, pale pale ambapo watoto wa jirani huyo hukaa na kucheza. Ilibidi mtu amwombe funguo. Mimi nilikwenda kwanza, nikanywa chai, tukazungumzia mvua, nikarudi nyumbani. Dada alikwenda, akarudi akiwa ameahidi kumshonea baba vifuniko vipya vya viti vya gari hilo hilo. Mdogo wetu wa kike alisema yeye ni kitinda mimba na hawezi, ila mumewe atamwakilisha. Huyo mumewe, shemeji yetu, ni dalali wa nyumba, na hajawahi kumwonyesha mtu chumba bila kutaja wapangaji wengine wawili walioko njiani na fedha mkononi.

Shemeji ndiye aliyeleta wazo la poka. Tukutane karakanani Jumamosi mchana, tucheze kwa vifungo vya makochi, na atakayeishiwa vifungo kwanza ndiye atakayemkabili baba. Nilisema ni aibu kwa watu wazima kuamua jambo zito namna hiyo kwa karata. Nilipokwisha kusema, nikavuta kiti.

Mchezo wenyewe hauna makuu. Kila mtu hupewa karata tano, hubadilisha asizozitaka mara moja, kisha huweka dau. Anayeogopa dau la mwenzake hutupa karata zake na kupoteza alichokwisha kuweka; asiyeogopa hulifikia, na hapo karata hufunuliwa. Jozi hushinda karata zisizolingana, karata tano za aina moja, kama shupaza tupu, hushinda jozi, na wote wasipokuwa na kitu, mwenye karata kubwa hushinda. Shemeji alicheza kama anavyouza. Alihema, alitikisa kichwa kwa huruma, alinishauri niokoe vifungo vyangu kwa kuwa nina watoto wanaosoma. Dada alitupa karata mchezo baada ya mchezo, na kilima chake cha vifungo kikawa kichuguu. Nilimkanyaga mguu chini ya meza ya kukatia vitambaa. Akaniuliza kwa sauti kwa nini namkanyaga.

Ukafika mchezo ambao shemeji alitupa karata tatu na kuchukua tatu nyingine, kisha akasukuma vifungo vyake vyote katikati ya meza.

Mimi nilikuwa na jozi ya tisa. Nilipiga hesabu kwa utulivu, kama nilivyomfundisha Dada. Mtu anayebadilisha tatu hakuwa na kitu kikubwa tangu mwanzo. Mtu huyu alikwisha kututisha hivyo mchana kutwa. Kila kanuni niliyomhubiria dada yangu ilinielekeza nilifikie dau lile. Nikazitazama tisa zangu, nikamwona baba kichwani mwangu akiniangalia juu ya miwani yake, nikazitupa.

Shemeji akamgeukia Dada. "Tupa twende, dada yangu. Mimi sipendi kukuona ukiumia."

"Ulibadilisha tatu," Dada alisema.

"Nilibadilisha tatu, na Mungu akanipa zote tatu."

Dada alitoa msumari mdomoni, akauweka mezani. Alizungumza nami, kana kwamba shemeji hayupo. "Huyu hana kitu." Akasukuma vifungo vyote vilivyombakia.

Shemeji alifunua karata zake polepole, na kweli hakuwa na kitu: mfalme mmoja na takataka nne zisizojuana. Dada alitabasamu tabasamu ambalo sikuwahi kuliona. Kisha akafunua zake. Alikuwa amesubiri shupaza tano, akapata nne na kopa moja, na karata yake kubwa kuliko zote ilikuwa malkia. Mfalme humshinda malkia.

"Lakini nilijua anadanganya," alisema.

"Ulijua. Sasa ulitaka kumshinda na nini?"

"Hilo hukunifundisha."

Shemeji, bila kuombwa, alifunua karata nilizozitupa, akaona jozi ya tisa, akacheka mpaka akaishika meza. "Msomi," alisema, "wewe ndiye uliyekuwa umetushinda sote."

Kesho yake nilimsindikiza Dada, kwa kuwa kukaa nyumbani kungeniumiza zaidi. Tulimkuta baba akifuta kioo cha gari. Dada hakukaa, wala hakugusa chai. Alimwambia baba kwamba macho yake yamechoka, kwamba watoto wa jirani hawana vipuri, na kwamba amekuja kuchukua funguo. Baba alikunja kitambaa chake vizuri, akasema tuchukue. Ila kuanzia leo asimwone mtu yeyote hapa na chakula wala dawa. Yeye atauza nyumba hii, akapange chumba mahali tusipopajua.

Nilikwisha kufungua kinywa nikisema, "Baba, si kwamba..."

"Sawa, baba," Dada alisema. "Dalali tunaye kwenye familia. Nimpigie?"

Baba akaingia ndani, akatoka na funguo, akaziweka juu ya boneti badala ya kumpa mkononi. Njiani nilimuuliza Dada angefanya nini kama baba angesema piga. Akasema angepiga, kisha angelia. Wiki hiyo hiyo mteja alishika ubavu wa kochi akaitaja karakana ya mtaa wa pili, na Dada akapunguza bei. Sina maelezo.

Sasa mimi ndiye ninayemwendesha baba kwenda kliniki. Hukaa mbele, hukanyaga sakafu penye breki isiyokuwepo, na tukifika njia panda husema kwamba naendesha kama mgonjwa, nimshushe, atatembea. Kila wiki humbembeleza. Wiki iliyopita nilichoka, nikaegesha kando ya barabara. Baba alifungua mlango, akatoa mguu mmoja, akalitazama jua.

"Umesimama mbali mno na ukingo," alisema, akaurudisha mguu ndani na kufunga mlango.