Uso wa Mama kwa Chaki Nyekundu

Nilimvuta Mama mkono tangu kituo cha treni mpaka jumba la sanaa, naye njia nzima akilalamika kwamba watu wa Sydney wanatembea kama wanaokimbizwa, na mimi nimeshakuwa mmoja wao. Alisema kweli. Mwalimu wa darasa langu la kuchora alikuwa ametuambia kuna mchoro wa Kifaransa wa chaki umetundikwa pale, kando ya picha ya rangi iliyotokana nao, na mimi jambo likinishika sina subira. Isitoshe, Mama alikuwa amebakiza siku chache tu arudi Tanga.

Picha ya rangi ilikuwa kubwa: mwanamke wa kitajiri, hariri, lulu, mgongo umenyooka. Niliipita. Mchoro wenyewe ulikuwa kwenye karatasi isiyozidi sinia, chaki nyekundu na nyeusi, na nyeupe kidogo puani na kwenye paji la uso. Mabega yalikuwa mistari miwili ya haraka, na pembeni mchoraji alijaribu mkono akauacha bila vidole. Lakini uso ule! Ulikuwa wa mtu aliyekatizwa katikati ya maneno. Nikapiga ukelele wa furaha, mlinzi akageuka, Mama akamwomba radhi kwa Kiswahili.

"Mbona hakumaliza?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba huu ulikuwa wa kujitayarisha. Mchoraji aliusoma uso kwanza kwa chaki, picha yenyewe akaja kuifanya baadaye.

"Kwa hiyo hii si picha bado."

"Si picha bado, Mama."

Akausogelea mchoro tena. Mama hapendi picha za watu. Nyumba yetu ya Tanga haikuwa na sura ya mtu hata moja ukutani. Alitufundisha kwamba malaika hawaingii penye masanamu, na siku aliyofika kwangu Merrylands, kitongoji cha Sydney, aliigeuza picha ya harusi yangu ikatazama ukuta. Tangu aanze ziara yake nilikuwa nikimwomba nimchore, akikataa. Kwangu halikuwa jambo dogo. Sikuwa nimekanyaga Tanga kwa miaka mingi, yeye umri umekwenda, na nilitaka nibaki na uso wake, si wa kwenye simu, bali nilioutazama kwa macho yangu na kuufanya kwa mikono yangu.

Tulipotoka nje akasema, bila kunitazama, "Kama ni ya kujitayarisha, nichore. Lakini usimalize."

Nusura nimbebe.

Asubuhi yake akatoka chumbani amevaa gauni la Idi, bangili za dhahabu, wanja, na udi ukimtangulia.

"Mama, nachora kichwa tu."

"Na kichwa kinajua kimevalia nini."

Kukaa kimya huku anatazamwa, hilo hakuliweza. Kwa Mama, mtu mliyekaa naye sebuleni huzungumzishwa. Akaniuliza kama nimekula, akainuka kuangalia maharage ya nazi jikoni, akapokea simu ya dada yake huku amegeuzia shingo upande nisioutaka. Nikamgombeza, akanigombeza. Mwishowe nikaacha kumtuliza, nikamchora hivyo hivyo, anaongea. Basi chaki ikaanza kukimbia yenyewe! Vidole vyekundu, meza nyekundu, na moyo ukinienda mbio, maana kila mstari niliotia ulikaa mahali pake, jambo ambalo halijawahi kunitokea darasani. Niliishia kabla ya sikio la pili, kama tulivyoahidiana.

Binti yangu akatoka chumbani kwake, akatazama. Kiswahili anakisikia tu, hukijibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza chake akasema Bibi anaonekana yuko karibu kumgombeza mtu. Nikajua nimempata.

Mama akavaa miwani. Alitazama weee, kisha akasema, "Hii nakwenda nayo."

"Mama! Na malaika?"

"Nitaitia sandukuni. Nani kasema naitundika? Dada yangu lazima aione."

Nikaona mbio zangu za sakafuni zimeishia ukingoni. Ningemnyimaje mtu uso wake mwenyewe? Jioni ile nikajaribu kumchora tena, akatoka mtu mwingine kabisa, labda jirani. Nililia, sifichi.

Siku ya safari Mama alishinda na pasi. Akisafiri hupiga pasi kila kitu, mpaka leso za mkononi. Karatasi ile ilikuwa imejikunja pembeni, na Mama haelewani na kitu kilichojikunja. Akailaza mezani, akaifunika kwa mtandio wake mweupe wa kuswalia, ambao ulikuwa haujakauka vizuri, akapitisha pasi ya moto kwa nguvu zake zote.

Nilisikia "Subhanallah!" nikatoka mbio.

Uso ulikuwa umehamia kwenye mtandio. Mwekundu, hafifu, umegeukia upande wa pili, mdomo wazi. Kwenye karatasi nako alikuwapo bado, amepauka kidogo tu.

"Sasa nitaswali vipi," Mama akasema, "na uso wangu kisogoni?"

Tukatazamana. Alianza yeye kucheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi nikaunyakua mtandio nikazunguka nao meza nikipiga vigelegele. "Mmekuwa wawili, Mama! Mmekuwa wawili!"

Uwanja wa ndege nilimwambia ule mtandio aliouacha kwangu siufui kamwe. Karatasi ilikuwa kwenye begi lake, imelala kati ya kanga mbili. Akanishika mashavu.

"Nguo ya swala haikai chafu," akasema. "Lakini usiifue huku. Njoo nayo Tanga, nitaifua mwenyewe." Akanivuta karibu. "Nimekungoja sana, mwanangu. Nimechoka kungoja."

Miaka yote ile nilikuwa nikidhani mwenye kiu ni mimi peke yangu. Sikusubiri hata ndege yake iruke. Kwenye treni ya kurudi, mtandio mapajani, nilikuwa nimeshafungua simu natafuta tiketi. Akiufua, uso utatoka wote. Na utoke, mwenye uso atakuwa mbele yangu.